Julius Sang: Mkali wa Kumaliza Kazi Aliyeletea Kenya Dhahabu ya Vijiti Munich 1972

Wamarekani wako na ubishi mmoja hauishangi: kwa besiboli, nani mkali wa kumaliza mechi? Kama hujawahi kuucheki huo mchezo, shika hivi. Kuna msee anaitwa mrushaji. Yeye ndiye anarusha mpira, na adui anajaribu kuuchapa na rungu. Sasa mrushaji wa kwanza anachoka, mkono unaanza kumlegea, kocha anamtoa na kuingiza mwingine akiwa bado fiti. Huyo wa pili hana story mingi. Kazi yake ni moja tu: wenzake wameshaweka timu pazuri, yeye amalize bila kuharibu. Mariano Rivera, kijana wa Panama aliyechezea New York Yankees, alifunga mechi 652 kwa hiyo kazi. Mwaka wa 2019 akawa mchezaji wa kwanza kabisa kuingizwa kwa Jumba la Heshima la besiboli bila hata kura moja kumkataa.

Sawa. Huku kwetu besiboli haijashika. Lakini usidhani hatuna wamalizaji. Tuko nao, tena wa maana. Na ukituambia tuwapange kwa foleni, wa kwanza hadi wa mwisho, jina la juu tunalo tayari: Julius Sang. Kama ulizaliwa baada ya 2000, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kulisikia. Ndiyo maana leo tunakupea story yake yote.

Merti hadi Kiamaiko

Kabla tufike kwa uwanja, hebu fikiria mbuzi wa Merti. Kama wewe ni mtu wa huko Isiolo, kando ya mto Ewaso Nyiro, hii hatuwezi kukufunza. Na kama uko Nairobi na umewahi kupita Kiamaiko asubuhi, umeona mwisho wa hiyo safari.

Mbuzi hafiki Kiamaiko kwa mkono wa mtu mmoja. Kuna kijana aliyemchunga kiangazi chote, akitafuta nyasi na maji. Kuna aliyemswaga hadi soko. Kuna dalali aliyesimama katikati ya muuzaji na mnunuzi. Kuna dere wa lori na turnboy wake waliokula vumbi usiku kucha. Halafu kuna msee wa mwisho, yule anayempokea mjini na kumuuza. Huyo wa mwisho akizubaa, jasho la wote limemwagika. Akichangamka, kila mtu nyuma yake anakula.

Mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne ni hivyo hivyo. Watu wanne, kijiti kimoja, kila mmoja raundi moja ya uwanja. Wa kwanza anaanza kwa kuchutama, kila timu kwa leni yake. Wa pili ndiye anapata nafasi ya kuingia ndani, na hapo kusukumana kunaanza. Wa tatu anashikilia. Wa nne anabeba kila kitu: makosa ya wenzake, bidii ya wenzake, na jina la nchi. Hawezi kusema kijiti kimemfikia kimechelewa. Akipewa akiwa nyuma, ni juu yake. Akipewa akiwa mbele, ni juu yake pia.

Kocha yeyote mwenye akili hamweki mtu wa presha ndogo hapo mwisho.

Mnandi aliyekataa mbio ndefu

Julius Sang alikuwa Mnandi, kutoka huko Bonde la Ufa. Hapo lazima ushangae kidogo. Ukitaja Nandi na mbio, kichwa chako kinaenda straight kwa Kipchoge Keino, kwa mita 1500, mita 5000, kuruka viunzi na maji. Wasee wa pumzi. Sang yeye alichagua raundi moja tu, lakini ile raundi ya kuumiza kuliko zote.

Mita 400 si mbio ya kasi tupu na si mbio ya pumzi tupu. Unatoka mbio kama mtu wa mita 200, halafu mwili unakuletea bili ukiwa umebakisha mita 100. Miguu inageuka mawe, mabega yanapanda, na hapo ndipo tunajua ni nani alipanga mbio yake na ni nani aliringa tu mapema. Weka hiyo point akilini, kwa sababu itarudi kumshika Mjerumani mmoja mbele kidogo.

Pia usidhani Kenya ya wakati huo ilikuwa ya mbio ndefu pekee. Seraphino Antao wa Mombasa alikuwa ameshinda dhahabu mbili za mbio fupi kwa michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth mwaka wa 1962. Wilson Kiprugut Chumo alileta medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800, Tokyo 1964, halafu akaongeza fedha Mexico City 1968. Hiyo Mexico, vijana wanne wa Kenya walishika fedha kwa vijiti vya mita 400: Daniel Rudisha, Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati. Ndiyo, huyo Rudisha ni baba yake David, yule bingwa wa mita 800 unayemjua. Walikimbia kwa dakika 2:59.64. Marekani ndio walichukua dhahabu, tena kwa rekodi ya dunia ya 2:56.16. Hao walikuwa sayari ingine.

Kwa hivyo Sang alipoingia timu ya taifa, hakuingia kwa keja tupu. Kulikuwa na moto unawaka tayari. Kazi yake ilikuwa kuongeza kuni.

Edinburgh 1970: dhahabu ya kwanza

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 ilifanyika Edinburgh, Scotland. Kenya ikapeleka kikosi cha vijiti: Nyamau, Sang, Robert Ouko na Asati. Na kabla uchanganyikiwe, huyu Robert Ouko si yule waziri wa mambo ya nje aliyeuawa 1990. Huyu ni mwanariadha wa mita 800, na hapo hapo Edinburgh alishinda dhahabu ya mbio yake. Asati naye akachukua ya mita 400.

Vijiti vilipofika, wakachukua tena. Dhahabu. Lakini ukiangalia vizuri, Sang hakuwa mmalizaji bado. Hiyo kazi ilikuwa ya Asati, ambaye ndiye alimaliza hata Mexico. Sang alikuwa kijana wa katikati, anapokea na kupitisha. Hakuna aliyepewa kiti cha mwisho bure. Ilibidi kwanza aonyeshe kuwa mikononi mwake kijiti kiko salama.

Durham, shule ya wakali

Halafu Sang akavuka maji. Yeye na Ouko walienda kusoma North Carolina Central University, mji wa Durham, Marekani. Hicho ni chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, enzi ambazo vyuo vingi vya kusini viliwafungia mlango. Usione jina halivumi kama Harvard. Kwa mbio, hao jamaa walikuwa na sumu.

Kocha aliitwa LeRoy Walker. Huyu mzee aliwahi kumnoa Lee Calhoun, aliyeshinda dhahabu ya mita 110 kuruka viunzi mara mbili mfululizo, 1956 na 1960. Walker baadaye akawa kocha mkuu wa riadha wa Marekani kwa Olimpiki ya 1976, na miaka ya tisini akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo. Kwa timu hiyo ya chuo alikuwemo pia Larry Black, aliyechukua fedha ya mita 200 huko Munich.

Sasa jiweke kwa viatu vya Sang. Umetoka Nandi, umeingia Marekani ambayo sheria za ubaguzi wa rangi zimefutwa miaka michache tu iliyopita. Mazoezi yako ya kila siku ni dhidi ya watu ambao wakikuacha leo, kesho wanasimama kwa jukwaa la dunia. Kwa Marekani, vijiti si mchezo wa pembeni. Kuna mashindano makubwa ya vijiti, vyuo kwa vyuo, watu wanajaza uwanja. Unajifunza kupokea kijiti kwa msukumano, kukaa ndani ya kona, kungoja, na kutoka wakati unaofaa. Hapo ndipo mmalizaji anapikwa.

Munich, Septemba 1972

Olimpiki ya Munich, Ujerumani Magharibi, ilianza kama sherehe. Afrika Mashariki ilikuwa inawaka. Tarehe 2 Septemba, John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, akiwa leni ya ndani kabisa. Siku mbili baadaye Kipchoge Keino akachukua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, mbio ambayo hata hakuwa ameizoea, na Ben Jipcho akafuata nyuma yake na fedha.

Halafu kukawa giza. Tarehe 5 Septemba, kikundi cha Wapalestina wenye silaha kilivamia makazi ya wanamichezo na kuteka timu ya Israel. Waisraeli 11 walipoteza maisha. Michezo ikasimama, kukafanyika ibada ya maombolezo ndani ya uwanja, halafu wakubwa wakaamua mashindano yaendelee.

Fainali ya mita 400 ya wanaume ilikimbiwa tarehe 7, hali ikiwa bado nzito hivyo. Wakenya walikuwa wawili ndani: Sang na Asati. Marekani walikuwa watatu: Vince Matthews, Wayne Collett na John Smith. Ujerumani walikuwa na kijana wao, Karl Honz, ambaye mashabiki wa nyumbani walimtegemea sana.

Smith aliumia msuli na kutoka mapema. Matthews akashinda kwa 44.66, Collett akafuata kwa 44.80, na wa tatu, Julius Sang, 44.92. Asati akamaliza wa nne. Honz akawa wa saba.

Chini ya sekunde 45. Shaba. Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki kwa mita 400 bila viunzi. Hadi leo wako wawili tu: yeye, na Samson Kitur aliyechukua shaba Barcelona 1992.

Jukwaa lililobadilisha kila kitu

Sasa skiza hapa vizuri, kwa sababu ubishi wote wa hii story umetoka hapa.

Washindi watatu walipanda jukwaani. Wimbo wa taifa wa Marekani ukapigwa. Matthews alimvuta Collett juu ya ngazi yake ya kwanza, wakasimama wawili pamoja. Collett alikuwa miguu tupu. Hawakusimama wima kama askari, hawakuangalia bendera, waliendelea kupiga story. Matthews akashuka akizungusha medali yake kwa kidole. Miaka minne kabla, Tommie Smith na John Carlos walikuwa wameinua ngumi Mexico City. Watu kwa uwanja waliona hii kama ndugu ya ile, na wakaanza kuzomea.

Avery Brundage, aliyekuwa rais wa kamati ya Olimpiki ya kimataifa, hakungoja. Matthews na Collett wakapigwa marufuku ya Olimpiki maisha. Na kumbuka Smith naye ameumia. Ghafla Marekani, wenye rekodi ya dunia, hawana watu wanne wa kuweka kwa vijiti. Wakajitoa.

Na Sang alikuwa pale pale, kwa ngazi ya tatu, siku hiyo. Mambo ya wale wawili waliosimama juu yake ndiyo yalifungua mlango ambao angeupitia siku tatu baadaye. Hiyo si kitu aliomba. Ilitokea tu mbele ya macho yake.

Tarehe 10 Septemba: sekunde 43 na kitu

Siku moja kabla michezo ifungwe, fainali ya vijiti ikafika. Kenya ilipanga hivi: Asati wa kwanza, Nyamau wa pili, Ouko wa tatu, Sang wa mwisho. Cheki hiyo mabadiliko. Asati, mmalizaji wa miaka yote, amepelekwa mbele kuanzisha. Kiti cha mwisho sasa ni cha Sang. Na Ouko, ambaye tayari alikuwa amekimbia mita 800 na kumaliza wa tano kwa fainali, amerudi tena kufanya kazi ya mita 400.

Uingereza walikuja na kikosi cha maana: Martin Reynolds, Alan Pascoe, David Hemery na David Jenkins. Huyo Hemery ndiye alikuwa bingwa wa viunzi Mexico, na Munich alikuwa amechukua shaba nyuma ya Akii-Bua. Wafaransa walikuwa moto. Na Wajerumani walikuwa nyumbani, uwanja mzima ukiwapigia kelele.

Wajerumani ndio waliongoza hadi mkimbiaji wa mwisho, na mkimbiaji wa mwisho wao ni nani? Karl Honz. Yule yule wa nafasi ya saba.

Honz alitoka kama mtu amefukuzwa na ndovu. Umati ukasimama. Kwa nusu ya raundi ilionekana Ujerumani wamemaliza biashara. Hapa ndipo mtu wa kawaida angeingiwa na baridi. Unaona mgongo wa adui unapotea, unasikia watu maelfu wanaimba jina lisilo lako, na kijiti cha nchi kiko mkononi mwako. Wengi wangejaribu kumshika palepale, kwa nguvu zote, na wote wawili wangekufa pamoja kwa mita 100 za mwisho.

Sang alijua kitu moja: siku tatu zilizopita, alikuwa amemwacha huyu jamaa mbali kwa mbio hiyo hiyo. Akamfuata bila kumpapia. Bili ya Honz ilipofika, ilifika yote kwa pamoja. Miguu ikakauka. Sang akampita. Halafu Jenkins naye akampita Honz. Halafu Jacques Carette wa Ufaransa akampita. Ujerumani kutoka wa kwanza hadi wa nne, mbele ya watu wao wenyewe.

Kenya 2:59.83. Uingereza 3:00.46. Ufaransa 3:00.65. Dhahabu.

Raundi ya Sang peke yake ilipimwa kwa saa ya mkono kuwa chini ya sekunde 44. Tuwe wakweli hapa: kwa vijiti, msee anayepokea tayari anakuwa ameshaanza kutembea, kwa hivyo saa yake inatoka nzuri kuliko ile ya kuanza kwa kuchutama. Huwezi kulinganisha moja kwa moja na 44.92 yake. Lakini hata ukitoa hiyo nafuu, hiyo ni moto. Rekodi ya dunia ya mita 400 wakati huo ilikuwa 43.86, ya Lee Evans, na ilipatikana juu milimani Mexico ambako hewa nyepesi inasaidia mbio fupi.

Je, ilikuwa dhahabu ya bure?

Hii swali lazima tuiulize, juu kuna mtu atakuambia kuwa Kenya iliokota. Kwamba Marekani wangekuwepo, tungekula fedha tena kama Mexico.

Inawezekana. Hatutakudanganya. Matthews na Collett walimshinda Sang ana kwa ana, na kwa karatasi Marekani walikuwa wakali kuliko wote. Mwenye kusema wangeshinda hajatukana mtu.

Lakini pima haya mengine. Kwanza, kikosi cha Mexico kilikimbia 2:59.64 mahali ambapo hewa yenyewe inakusukuma. Kikosi cha Munich kilikimbia 2:59.83 mahali ambapo hakuna msaada huo. Yaani wale wa Munich walikuwa bora kuliko saa inavyosema. Pili, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani nao walijua Marekani hawapo. Mlango ulifunguliwa kwa wote, sio kwa Kenya pekee. Kulikuwa na timu kadhaa zilizosimama hapo zikiona dhahabu iko wazi, na tofauti kati ya Kenya na Uingereza ilikuwa sekunde 0.63 tu. Nafasi ikitokea, kuna wanaoiangalia na kuna anayeichukua.

Tatu, angalia Afrika nzima. Baada ya Kenya, nchi ya pili ya Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki ya hiyo mbio kwa wanaume ni Nigeria, Sydney 2000, na wao walipewa miaka mingi baadaye, baada ya Marekani kupokonywa kwa sababu ya dawa za kusisimua misuli. Kwa mashindano ya dunia, Afrika ilingoja hadi 2025, Tokyo, ndipo Botswana wakawapiga Marekani uwanjani, mmalizaji wao akiwa Collen Kebinatshipi. Miaka 53 baada ya Munich. Ukijua hiyo hesabu, huwezi kuita ya 1972 kitu kidogo.

Na Kenya yenyewe? Hiyo ndiyo dhahabu yetu ya pekee ya Olimpiki kwa mbio za vijiti. Ya pekee. Pamoja na mabingwa wote unaowajua wa mbio ndefu, hakuna kikosi kingine cha Kenya kilichowahi kupanda ngazi ya juu kwa kupokezana.

Baada ya Munich

Sang hakupotea. Mapema 1974, michezo ya Jumuiya ya Madola ikafanyika Christchurch, New Zealand. Kenya ikatetea dhahabu yake ya vijiti na kikosi kilichobadilika: Asati, Francis Musyoki, Bill Koskei, na mwisho kabisa, Sang. Sasa kiti hicho kilikuwa chake bila swali.

Halafu siasa ikaingia uwanjani, na safari hii mlango ulifungwa badala ya kufunguliwa. Mwaka wa 1976, timu ya raga ya New Zealand ilienda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Nchi nyingi za Afrika zikasema New Zealand isipofukuzwa kwa Olimpiki ya Montreal, wao wanatoka. Haikufukuzwa. Kenya ikatoka. Mwaka wa 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow, pamoja na Marekani, kwa sababu ya jeshi la Kisovieti kuingia Afghanistan. Olimpiki mbili mfululizo, Kenya haipo. Kwa hivyo dhahabu ya Munich haikupata hata nafasi ya kutetewa uwanjani. Kizazi kizima kikapita.

Na usidhani walikuwa wamejaza mifuko. Sheria za Olimpiki za enzi hizo zilikuwa za ridhaa. Ukichukua ganji kwa kukimbia, umefungiwa. Hakukuwa na bonasi ya rekodi wala dili ya viatu ya kukujengea maghorofa. Ulikimbia, ukapata medali, ukarudi kutafuta kazi kama watu wengine.

Julius Sang alifariki mwaka wa 2004. Mwaka mmoja kabla, Samson Kitur, yule Mkenya mwingine wa shaba ya mita 400, alikuwa ametangulia. Kwa muda mfupi hivyo, nchi ikapoteza wote wawili.

Foleni yetu

Tulikuahidi kuwapanga, kwa hivyo shika.

Nambari tatu, Samson Kitur. Alikuwa nguzo ya kikosi cha Kenya kilichoshika fedha kwa mashindano ya dunia Stuttgart 1993, siku ambayo Marekani waliweka rekodi ya 2:54.29 na Michael Johnson akakimbia raundi ya mwisho chini ya sekunde 43. Kuwa wa pili nyuma ya hao si aibu.

Nambari mbili, Charles Asati. Alimaliza Mexico kwa fedha, akamaliza Edinburgh kwa dhahabu, halafu Munich akakubali kutoa kiti chake na kwenda kuanza. Hiyo ya mwisho ndiyo inampandisha zaidi. Kuna watu wangapi unaowajua wanaweza kuachia nafasi kubwa ili timu ishinde?

Nambari moja, Julius Sang. Alipokea kijiti akiwa nyuma, mbele ya umati wa adui, dhidi ya mtu aliyetoka kama risasi, na hakupoteza kichwa. Alimaliza kazi ya wenzake watatu na hakuna Mkenya aliyeirudia.

Pale Merti, wakati wa kiangazi, maji yanapotolewa kwa kisima kirefu, watu hupanga mstari na ndoo inapanda mkono kwa mkono hadi juu. Ng'ombe anayekunywa hajui ni nani alikuwa chini kabisa kwa matope na ni nani alimwaga ya mwisho. Anajua tu kwamba maji yalifika. Sisi ni watu, sio ng'ombe. Tunaweza kukumbuka majina. Asati, Nyamau, Ouko, Sang. Yataje kwa mpangilio huo huo, juu ndivyo kijiti kilivyotembea.

Na wewe kama uko kwa kikundi chochote, iwe ni chama, duka la familia, timu ya mtaa ama kazi ya lori, jiulize swali moja leo: kijiti kikikufikia kimechelewa, utalia ama utakimbia?